Duara la Vichimbakazi na Mtu Mwenye Jembe

Katika malisho ya Uingereza, kiangazi kikielekea ukingoni, hutokea jambo ambalo kwa karne nyingi lilimfanya mchungaji azungukie mbali. Nyasi za kawaida zinajichora duara: ukanda wa kijani kilichokolea kupita kiasi, ubavuni mwake ukanda mwingine uliokauka, na hapo hapo uyoga umejipanga mviringo, kana kwamba kuna aliyeupanda kwa kigingi na kamba. Wazee wa huko walikuwa na jibu tayari. Usiku vichimbakazi walikuwa na ngoma yao, wakazunguka mpaka nyasi zikalala. Binadamu akitia mguu ndani ya duara ngoma ikiwa imekolea, naye atacheza asijue pa kutokea. Akibahatika kutolewa, atakuta ile saa moja aliyodhani amekaa ni miaka mingi, wenziwe wameshazikwa na watoto wao hawamjui.

Kila nchi ilikuwa na wake wa kusingiziwa. Wafaransa na Wajerumani walisema ni wachawi. Huko Tyrol, kwenye milima ya Austria, ilisimuliwa kwamba joka la moto lilipita likiburuta mkia, na mahali hapo hapaoti kitu kwa miaka saba isipokuwa uyoga wa sumu. Waholanzi walimtaja shetani: hapo ndipo anapotua chombo chake cha kusukia maziwa. Shakespeare naye, katika The Tempest ya mnamo 1611, anamfanya Prospero awataje viumbe wadogo wanaochora maduara machungu ambayo kondoo hawayagusi. Mtazamaji wa London wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Hadithi hizi zinatuhusu kuliko zinavyoonekana. Kwa muda mrefu Mwafrika ameambiwa kwamba kuamini majini na mizimu ni ushamba wake, na kwamba Mzungu aliachana na mambo hayo siku alipoanza kusoma. Historia ya maduara inasema vingine. Imani ya vichimbakazi iliishi Ulaya jirani na vyuo vikuu, ikaizoea injini ya mvuke, ikadumu hadi zama za kamera. Wasomi waliicheka miaka nenda miaka rudi bila kuitikisa. Katika suala la duara kilichotegua kitendawili ni jembe, na aliyelishika alikuwa mtu aliyezoea kusikiliza vikongwe.

Kabla yake wasomi walikwishajaribu, nao hawakufika mbali. Mwaka 1686 Robert Plot, msimamizi wa kwanza wa jumba la makumbusho la Ashmolean mjini Oxford, aliandika kwamba maduara yanatokana na radi. (Plot huyu ndiye aliyechora kipande cha mfupa mkubwa uliochimbuliwa Oxfordshire akasema ni paja la binadamu jitu. Leo unahesabiwa kuwa wa dinosaria.) Miaka mia moja baadaye Erasmus Darwin, daktari, mshairi na babu yake Charles Darwin, alikuwa bado anashikilia radi. Nadharia hiyo ilisikika ya kisomi kuliko ngoma ya usiku, lakini nayo iliegemea dhana tu: radi ni kali, inaunguza, basi itakuwa ndiyo.

Mwenye jembe alikuwa William Withering, daktari wa Birmingham, mwanachama mwenzake Erasmus Darwin katika chama cha wasomi cha Lunar Society, na baadaye hasimu wake. Mwaka 1775 aliombwa atoe maoni kuhusu dawa ya familia iliyotunzwa kwa siri na bibi mmoja wa Shropshire. Bibi huyo alikuwa anawatibu watu waliovimba mwili kwa maji, na baadhi yao walipona baada ya madaktari kushindwa. Dawa ilikuwa na mimea 20 au zaidi. Withering hakuitupa kwa sababu imetoka kwa mwanamke wa kijijini, wala hakuimeza nzima nzima. Aliichambua, akaona kwamba nguvu yote imo katika mmea mmoja, digitali, akawapima wagonjwa wake kwa dozi tofauti kwa miaka kumi, na mwaka 1785 akachapisha kitabu alichoandika humo waliopona na waliokufa. Dawa za moyo zitokanazo na mimea ya jamii hiyo bado zimo hospitalini.

Mtu mwenye tabia hiyo alipohamia Edgbaston, akakuta uwanja umejaa maduara, alifanya lile ambalo Plot na Darwin hawakulifanya. Alipima. Duara kubwa kuliko yote lilikuwa na kipenyo cha futi 18, yaani mita tano na nusu hivi, na ukanda wa uyoga wenyewe ulikuwa na upana wa karibu nusu mita. Kisha akachimba. Penye nyasi za kahawia, zilizokonda, alishusha chini kiasi cha inchi mbili tu akakutana na nyuzi za rangi nyeupe ya kijivu zimetanda katika udongo. Akahamia penye nyasi zilizokwisha kurudi na kunawiri, akachimba vilevile, na hapo hakukuta hata uzi mmoja. Hayo aliyachapisha katika miaka ya 1790, akamtaja mhusika: uyoga mdogo wa rangi ya ngozi ambao wataalamu wa leo huuita Marasmius oreades.

Inchi mbili! Karne nzima ya mabishano ya radi ilikuwa imekaa juu ya inchi mbili za udongo.

Maelezo yaliyofuata yamekamilisha picha. Kile tunachokiita uyoga ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi zinazotambaa chini ya ardhi. Kuvu huanzia nukta moja, hula mabaki ya mimea yaliyomo udongoni, na chakula kikiisha pale katikati husonga mbele pande zote kwa kasi inayokaribiana, kwa kawaida sentimita kumi hadi thelathini na kitu kwa mwaka. Umbo linalotokana na mwendo huo ni duara. Kuvu ikiyeyusha mabaki huachilia naitrojeni, nyasi za hapo zikastawi na kuwa za kijani kizito. Nyuzi zikisongamana udongo hukataa maji, mvua hata ikinyesha haipenyi, na nyasi hufa kwa kiu. Watunza viwanja vya gofu wa Uingereza wanaujua vizuri udongo huo: huutoboa-toboa na kuumwagilia dawa ya kuufanya upokee maji. Mwaka 1807 mkemia William Hyde Wollaston, aliyegundua metali ya paladiamu, alieleza jambo jingine ambalo yeyote anaweza kulihakiki kwa macho. Maduara mawili yakikutana hayapishani. Pale yanapogusana yote mawili hufa, kwa kuwa kila moja limekwisha kula chakula ambacho mwenzake alikuwa anakifuata. Ngoma mbili za vichimbakazi zingepishana bila shida.

Na si vitu vya msimu mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 1917 kuhusu mbuga za Colorado, Marekani, ulikadiria kwamba baadhi ya maduara ya huko yana umri wa mamia ya miaka. Mtoto wa Kizungu aliyeonywa na bibi yake asikanyage duara fulani huenda alionyeshwa duara lile lile ambalo bibi alionywa nalo, limesogea tu kidogo.

Sayansi haikuishia kwenye naitrojeni. Huko Shizuoka, Japani, Hirokazu Kawagishi na wenzake walikuwa wanajiuliza kwa nini nyasi zinanawiri kiasi kile, na mwaka 2010 wakaripoti kemikali waliyoitoa katika uyoga mwingine wa maduara, Lepista sordida, inayochochea mmea ukue. Baadaye wakaonyesha kwamba mimea yenyewe hutengeneza kemikali za aina hiyo, na majaribio yao ya mpunga na ngano yakaonyesha mavuno yakipanda. Kemikali hizo sasa zinaitwa, katika majarida ya sayansi kabisa, kemikali za vichimbakazi. Wakemia wa Japani hawakuona haya kuazima jina la hadithi.

Ingekuwa elimu peke yake inatosha, mambo yangeishia hapo. Lakini mwaka 1917, zaidi ya miaka mia moja baada ya Withering, wasichana wawili wa Cottingley karibu na Bradford waliazima kamera ya baba wa mmoja wao, fundi umeme, wakashuka kijitoni nyuma ya nyumba. Elsie Wright alikuwa na miaka 16. Binamu yake Frances Griffiths alikuwa na 9, amerudi karibuni kutoka Afrika Kusini, na alikuwa anagombezwa kwa kurudi nyumbani na viatu vimelowa. Alisema anakwenda kuwaona vichimbakazi. Picha ya kwanza waliyokuja nayo inamwonyesha Frances ameshika tama, na mbele yake viumbe wanne wadogo wanacheza.

Baba hakudanganyika. Aliyedanganyika ni Arthur Conan Doyle, daktari aliyesomea Edinburgh, mtunzi wa Sherlock Holmes, mpelelezi asiyepitwa na unyoya. Mtaalamu mmoja wa picha alimhakikishia kwamba negativu hazikuchezewa; kampuni ya Kodak ilikataa kutoa cheti. Doyle alimshika yule wa kwanza. Desemba 1920 akachapisha picha hizo katika jarida la Strand, na mwaka 1922 akatoa kitabu kizima. Kati ya hoja zake ilikuwamo hii: watoto wa fundi wa kijijini hawawezi kuwa na ujuzi wa kughushi picha. Dharau hiyo ilimponza kuliko imani yake. Elsie alikuwa amewahi kufanya kazi kwa mpiga picha, na alijua kuchora.

Mwaka 1983 Elsie na Frances, wakiwa vikongwe, walikiri. Vichimbakazi walikuwa karatasi zilizokatwa kwa mkasi na kusimamishwa kwa pini za kofia, na michoro yao iliigwa kutoka kitabu cha watoto cha mwaka 1914, Princess Mary's Gift Book. Ndani ya kitabu hicho hicho kulikuwa na hadithi ya Conan Doyle mwenyewe. Sherlock Holmes angekifungua. Frances, hata hivyo, alishikilia mpaka alipofariki mwaka 1986 kwamba picha ya tano, ya mwisho, ilikuwa ya kweli.

Kisa cha Cottingley kinachekesha kwa sababu hakuna aliyeumia. Kile cha Ballyvadlea, katika kaunti ya Tipperary nchini Ireland, hakichekeshi. Machi 1895 Bridget Cleary, fundi cherehani, aliugua. Daktari alifika, padri alifika. Mumewe, Michael, alikwisha kuamini kwamba yule aliyelala kitandani si mkewe. Mkewe amechukuliwa na vichimbakazi na mahali pake pamewekwa kiumbe chao. Alimnywesha dawa za mitishamba kwa nguvu huku ndugu na majirani wakisaidia kumshika, akamtaka ajibu mara tatu kwamba yeye ni Bridget, akamtishia kwa moto, na mwisho akamchoma. Mwili ulikutwa umefukiwa juujuu karibu na nyumbani. Michael alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia akahukumiwa miaka 20. Aliyemwona kitandani na aliowaogopa kichwani aliwachanganya, na nyumba nzima ya watu wazima ilikuwapo bila mmoja kumshika mkono.

Magazeti ya Uingereza yalifanya nini na msiba huo? Yaliugeuza hoja ya kisiasa: watu wa namna hii, yakasema, watajitawala vipi? Lugha hiyo tunaijua. Ilitumiwa kwetu pia, na haikumwokoa mwanamke yeyote, huko wala huku.

Kwetu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta wenzake Michael Cleary. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa, jini anayedaiwa kuwavamia watu usiku, ulianzia Pemba ukavuka hadi Unguja. Watu walilala nje wamekoka moto, na mjini Zanzibar kundi lilimuua mtu mwenye maradhi ya akili likidhani ndiye. Vikongwe wameuawa Usukumani kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho ambayo moshi wa kuni wa miaka hamsini unatosha kuyaeleza. Anayesema tuziache imani hizi kwa heshima ya utamaduni amesahau nani hulipa gharama yake. Anayedhani ataziondoa kwa kejeli naye hajajifunza chochote kutokana na Ireland.

Ugumu ni kwamba imani hiyo hiyo imewahi kulinda. Ireland ina makumi ya maelfu ya maboma ya udongo ya mviringo, mabaki ya makazi ya wakulima wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na wataalamu wa mambo ya kale wanakubali kwamba mengi yamesalia kwa kuwa wakulima waliogopa kuyalima: ni nyumba za vichimbakazi. Mwaka 1999 huko Latoon, kaunti ya Clare, msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan aliwaonya wajenzi wa barabara kuu wasikate kichaka kimoja cha miiba ambapo, kwa mapokeo, vichimbakazi wa Munster hukusanyika. Kichaka kiliachwa, barabara ikapita pembeni. Wamijikenda wa pwani ya Kenya hawahitaji kufundishwa hili. Misitu yao ya kaya imebaki kwa miiko kama hiyo hiyo, na mwaka 2008 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia.

Kwa hiyo mtafiti anapofika mahali penye hadithi ana mambo mawili ya kufanya, kuchimba na kuuliza, na wengi hufanya moja tu. Mfano mzuri uko Namibia. Kando ya jangwa la Namib kuna maduara mengi mno ya ardhi tupu, mengi ya mita mbili hadi kumi, yamezungukwa na nyasi ndefu, na hayana uyoga. Wahimba huyahusisha na nyayo za Mukuru, mungu wao. Wanasayansi huyaita pia maduara ya vichimbakazi, kisha wanagombana. Norbert Juergens, katika jarida la Science mwaka 2013, alisema ni kazi ya mchwa wa mchangani wanaotafuna mizizi ili maji yabaki chini. Stephan Getzin anasema nyasi zenyewe, kwa kugombania maji, hujipanga hivyo. Mwaka 2022 yeye na wenzake walichimbua nyasi zilizokufa muda mfupi baada ya mvua wakaripoti kwamba mizizi haikuwa na alama za mchwa. Kundi jingine mwaka 2017 lilisema wote wawili wana sehemu ya haki. Mzozo haujaisha, na si aibu kwa sayansi. Kila upande unachimba na kuonyesha ulichokitoa.

Getzin alipopata maduara yanayofanana na hayo Australia, karibu na mji wa Newman, aliyatangaza mwaka 2016 kuwa ushahidi wa nadharia yake. Wenyeji wa jangwa hilo, Wamartu, walikuwa na lao la kusema. Mwaka 2023 Fiona Walsh na wenzake, wakiwamo wazee wa huko, walichapisha kwamba wenyeji wanayajua maduara hayo tangu zamani kuwa ni sakafu za mchwa. Ni magumu, hivyo kina mama waliyatumia kupura mbegu za nyasi, na mvua ikinyesha yanashika maji ya kunywa. Watafiti walichimba wakakuta vyumba vya mchwa chini ya sakafu. Bado Getzin anabisha, ni haki yake. Ila kuwauliza watu waliopura mbegu juu ya kitu kwamba kitu hicho ni nini kulipaswa kuwa hatua ya kwanza.

Tanzania imekwisha kuonyesha njia hiyo. Kitabu cha uyoga wa Tanzania cha mwaka 2003, cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi, kilijengwa kwa sampuli za maabara pamoja na maarifa ya wanavijiji waokotao uyoga msituni. Shule zetu zinaweza kufanya kadogo kake. Mvua zikikolea, viwanja vya nyasi katika nchi za joto hutoa maduara pia, na mara nyingi mhusika ni Chlorophyllum molybdites, uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia kichwani, mzuri wa macho na mbaya wa tumbo: saa chache baada ya kuula, mtu hutapika na kuharisha vibaya. Mwalimu wa biolojia awaongoze wanafunzi wakapime kipenyo, wachimbe inchi mbili ndani ya ukanda na inchi mbili nje yake, wawaulize bibi zao duara hilo linaitwaje na uyoga gani hauliwi. Jioni wakate kofia moja, wailaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, kisha wanawe mikono. Asubuhi karatasi ikiwa na unga wa kijani, ndiye huyo. Ikiwa na unga mweupe bado si ruhusa ya kwenda nao jikoni, maana uko uyoga wa unga mweupe unaoua.